Kabla ya kwenda kuogelea, uliza leo mwezi ngapi

Mhariri,

Joto la Desemba hadi Machi likishika, kurasa za magazeti, lako likiwemo, hujaa orodha za fukwe za kwenda mwisho wa wiki: wapi kuna muziki, wapi kuna chipsi na samaki, wapi pa kuegesha gari bila usumbufu. Orodha hizo zina faida yake, sizibezi. Ila zote zinaruka jambo ambalo mvuvi wa Feri au wa Kunduchi huanza nalo kabla hajanywa chai: saa ya maji. Ufukwe uleule wa Dar es Salaam unaweza kuwa mahali pazuri pa kuogelea saa 10 alasiri na uwanja wa mawe makali saa 4 asubuhi, kisha baada ya wiki moja mambo yakageuka. Naomba nafasi niliseme hili kwa urefu, kwa sababu kwenye matangazo ya mahoteli halisemwi kabisa.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na kitu. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hubaki kama mita 1 tu. Sasa jambo la kushika kichwani ni hili: hapa Dar es Salaam bamvua hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake, hujaa karibu saa 4 na kupwa karibu saa 10. Ndiyo maana mvuvi akiuliza "leo mwezi ngapi?" hana shida ya kujua kama ni Januari au Februari. Anauliza siku ya mwezi mwandamo, na ukimjibu tu ameshajua saa ya kushusha chombo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Siku ya mwezi mosi weka kujaa saa 10 na robo alasiri, kisha ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita. Mwezi nne maji yatajaa karibu saa 12 na dakika 45 jioni, na asubuhi ya siku hiyo karibu saa 12 na dakika 20. Mwezi nane yatajaa kuelekea saa 4 asubuhi. Hesabu hii inaweza kukosea hata kwa saa nzima, maana hatua ya kila siku haifanani: kwenye bamvua ni kama dakika 40, kwenye maji mafu inaweza kuzidi saa. Kwa mtu anayeamua atoke nyumbani asubuhi au baada ya chakula cha mchana inamtosha. Kwa hesabu hiyo, siku nzuri za familia kwenda kuogelea mchana ni mwezi 10 hadi 13 na mwezi 25 hadi 28, kwa sababu maji hujaa kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, na mwanzoni mwa siku hizo bado hayana nguvu ya bamvua.

Anayetaka uhakika atazame jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, au programu ya simu. Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza ni saa: simu ikiandika 10:15 AM hiyo ni saa 4:15 asubuhi, na jedwali likiandika 16:20 ni saa 10:20 alasiri. Wapo wanaosoma 10:15 wakadhani ni saa 10, wakafika Coco wakati maji yamekwisha kuondoka. Mtego wa pili ni programu iliyoachwa kwenye saa za Greenwich. Hiyo itakuwa nyuma yetu kwa saa 3 kamili. Ijaribu siku ya mwezi mpevu: isipokuonyesha kujaa karibu na saa 10 alasiri, rekebisha mpangilio wake kwanza.

Sikukuu ndizo zinazohitaji hesabu hii kuliko siku nyingine zote, na ajabu ni kwamba bahari ya sikukuu inajulikana mapema. Idi el Fitri ni mwezi mosi Shawali, kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, inaangukia kwenye bamvua. Asubuhi, kwenye saa 4 hadi saa 4 na nusu, maji yamepwa kabisa na mwamba uko nje. Watoto wenye nguo mpya hutembea kuelekea huko mbali maji yalikokimbilia, kuokota simbi na kupiga picha. Kisha maji yanarudi, na kati ya saa 6 na robo na saa 8 na robo mchana yanarudi kwa kasi kuliko saa nyingine zote. Hayaji mbele tu kama watu wanavyofikiri. Hupita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati ya fungu la mchanga ulilosimama na nchi kavu, hata ukigeuka unakuta ulipopita kwa miguu panataka kuogelea. Idi el Haji ni mwezi kumi, karibu na maji mafu: hujaa kati ya saa 5 na saa 6 mchana, hushuka polepole alasiri nzima, na ni siku tulivu zaidi. Pasaka nayo ina mwezi wake, kwani ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi. Ikiangukia siku moja au mbili tu baada ya mwezi mpevu, tarajieni maji makubwa sana, maana bamvua za Machi na Septemba huwa miongoni mwa kubwa kuliko zote za mwaka. Krismasi na Mwaka Mpya hazifuati mwezi. Hizo ni lazima uhesabu.

Kasi ya maji ina kanuni ambayo mabaharia wameitumia miaka mingi. Gawa urefu wote wa maji yatakayopanda katika mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ya mita 3 ina maana ya sentimita 25, 50, 75, 75, 50 na 25. Tazama saa ya tatu hiyo. Maji yaliyokufika magotini, kama sentimita 50, baada ya saa moja yanakuwa sentimita 125, yaani kifuani kwa mtu mzima na juu ya kichwa cha mtoto wa miaka 7. Mama aliyemwacha mtoto anacheza "pale pasipo na kina" akaenda kupanga foleni ya mihogo hajazembea. Ameacha mahali pamoja akarudi pengine.

Kwa hiyo twende ufukwe kwa ufukwe.

Coco Beach ndiyo iliyo karibu na wengi na ndiyo inayodharauliwa. Mchanga unaouona umelala mbele ya jabali la matumbawe la kale, na maji yakipwa jabali hilo hutokeza likiwa na mwani unaoteleza na mashimo yasiyoonekana. Mtu anakwenda maji ya goti, hatua inayofuata anazama. Muda mzuri ni saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa moja baada yake, upande wenye mchanga, si mbele ya majabali. Siku za bamvua, maji yakijaa pomoni, wimbi hugonga mwamba na kurudi. Wimbi la kurudi likikutana na linalokuja huinua maji ghafla, na aliyekaa juu ya jabali kupiga picha hupigwa mgongoni na kukwaruzwa vibaya. Kuruka kichwakichwa kutoka mwambani ni kuvunja shingo, hata kama jana aliruka mwenzako akatoka salama, maana kina cha jana saa hii si cha leo saa hii. Viatu vaa, ila si yeboyebo: vinavuka mguuni na kuelea, na mtu huzama akivifukuzia. Chukua sendozi zenye mkanda wa nyuma.

Ufukwe wa Barabara ya Barack Obama, kutoka Ocean Road kuelekea daraja la Salenda, ni wa kupunga upepo na kula mahindi ya kuchoma. Msipaogelee. Mto Msimbazi unamwaga bahari hapo jirani, na mto huo unapita katikati ya jiji zima ukibeba kila kinachotupwa ndani yake. Kawe nako kuna mdomo wa mto Mlalakuwa, na kaskazini zaidi kuna mito ya Mbezi na Tegeta. Kanuni ya midomo ya mito ni moja: mvua kubwa ikinyesha, subiri siku 2 hadi 3 kabla ya kuingia baharini karibu nayo. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yenye povu la kahawia na takataka zinazoelea kwa mstari, hiyo haikuwa bahari tena, ni mtaro. Wanaougua matumbo, masikio na upele baada ya kuogelea hulaumu chumvi, na chumvi haina kosa.

Mbezi Beach hadi Kunduchi pana mchanga wa kutosha na mteremko wa pole. Kwa daladala za Barabara ya Bagamoyo utashuka Africana au Makonde kwa Mbezi Beach, au Mtongani kwa Kunduchi, kisha bajaji. Hapa tatizo ni matuta ya mawe yaliyojengwa kuingia baharini. Pwani hii imeliwa na bahari kwa miaka mingi, na uchimbaji wa mchanga mitoni umechangia, kwa kuwa mchanga ule ndio uliokuwa ukishushwa na mito kuja kujaza ufukwe. Wenye majengo wakajibu kwa mawe. Jiwe linazuia mchanga upande mmoja na kuchimba shimo upande wa pili. Na kandokando ya tuta, maji yanayosukumwa na wimbi kuja nchi kavu hupata njia ya kurudi kilindini. Mkondo huo ndio unaochukua watu. Utaujua kwa macho: mstari wa maji yaliyotulia kati ya mawimbi yanayovunjika pande mbili, wakati mwingine yenye rangi ya mchanga, yakielekea nje. Asiyejua huchagua kuingia hapo hapo kwa sababu panaonekana pamepoa. Ogelea angalau mita 30 kutoka kwenye tuta lolote.

Bahari Beach na Ununio ni kina kifupi. Maji yakipwa kwenye bamvua hukimbia mbali, unabaki na tope, nyasi za baharini na mikoko. Wanaokwenda asubuhi ya mwezi mpevu hurudi wakilalamika kwamba hakuna bahari. Kwenye maji mafu, maji yanapojaa, ndipo mahali pazuri pa watoto wadogo katika jiji hili lote, na kwa maoni yangu panastahili sifa kuliko Coco mara tatu.

Visiwani ndiko kwenye maji masafi. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo kuna kiingilio cha hifadhi mbali na nauli ya boti. Uliza vyote viwili kabla ya kupanda, na dai risiti. Bongoyo huendewa kutoka Msasani, Mbudya kutoka Kunduchi. Ufukwe mkuu wa Mbudya unatazama bara, kwa hiyo kisiwa chenyewe kinaukinga na mawimbi ya bahari kuu. Maji ya kunywa ya kisima hakuna. Beba lita 3 kwa kila mtu mzima kwa siku nzima, usitegemee soda. Jaketi za kuokolea zihesabiwe kabla boti haijang'oa: zikipungua hata moja, shukeni. Na zivaliwe zifungwe, zisikaliwe kama mito ya kochi. Katika miezi ya kaskazi upepo huzidi baada ya adhuhuri, hivyo safari ya kurudi huwa na mawimbi kuliko ya kwenda. Nahodha akisema turudi saa 9 badala ya saa 11, hakufupishii starehe yako. Bamvua ikipwa boti haiwezi kusogea hadi mchangani, mtashukia majini na kutembea na mizigo kichwani. Simu ikae kwenye mfuko wa plastiki mzito uliofungwa fundo mara mbili. Matumbawe, simbi na kombe hai haviokotwi, ni kosa kwa sheria za hifadhi.

Kigamboni ni somo jingine. Mwendokasi inashusha Kivukoni, hatua chache unaingia pantoni, ng'ambo kuna daladala na bodaboda hadi Mjimwema na mbele yake. Wenye gari hupita Daraja la Nyerere. Mjimwema pana mchanga mweupe na visiwa vya Sinda mbele yake vinavyopunguza nguvu ya bahari kiasi. Kadiri unavyokwenda kusini, Gezaulole, Kimbiji hadi Buyuni, kinga inakwisha na ufukwe unatazama bahari kuu moja kwa moja. Pazuri, patupu, pasipo kelele. Lakini pasipo watu ndipo pasipo wa kukuokoa. Miezi ya kusi, tangu Mei hadi Septemba, mawimbi huko si ya mtu anayejifunza. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, wengi husikia kama habari ya mabaharia tu. Wimbi la mita 2 likivunjika ufukweni linamwangusha mtu mzima kama gunia. Na mlango wa bandari pale Magogoni, upande wowote, usiogelewe kabisa. Meli haina breki, na mkondo wa maji yanayotoka bandarini ni mkali kuliko miguu ya mtu.

Ukichukuliwa na mkondo, usishindane nao. Anayezama mara nyingi hakuzamishwa na mkondo, amezamishwa na uchovu wa kuogelea kuurudi. Lala chali, pumua, acha ukupeleke. Nje ya mawimbi hulegea. Kisha ogelea sambamba na ufukwe, kushoto au kulia, kama mita 30 hadi 50, ndipo urudi na mawimbi yanayovunjika. Kuinua mkono mmoja juu ni ishara inayoeleweka.

Wanaobaki mchangani wajue kwamba anayezama kwa kawaida hapigi kelele. Mdomo unaingia majini na kutoka, haupati nafasi ya kuita. Mikono inakandamiza maji pembeni, kichwa kimelala nyuma, macho hayatazami kitu. Inachukua chini ya dakika moja. Watu huwa wanacheka pembeni wakidhani anacheza. Usimrukie kama hujafunzwa, atakupanda kichwani mzame wawili. Mtupie kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 10 lililofungwa kifuniko vizuri linabeba uzito wa karibu kilo 10 majini, na kumweka mtu mzima kichwa nje kunahitaji nusu ya hapo. Lifunge kamba ya manila ya mita 20 kwenye mpini. Vifaa viwili, gharama yake haifiki sahani ya samaki, na kila kikundi kinachokwenda pwani kingekuwa nacho. Mipira ya tairi inayokodishwa ni kitu kingine: inapendwa, lakini asubuhi upepo wa umande unavuma kutoka nchi kavu, na aliyekaa juu ya mpira husukumwa nje bila kujua. Akishuka kurudi kwa miguu anakuta hafiki chini.

Akitolewa hapumui, msimning'inize miguu juu wala msimkamue tumbo; hayo huleta matapishi yanayoingia mapafuni. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu, bana pua, mpulizieni pumzi 5 kifua kikiinuka. Kisha bonyezeni katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2, tena 30, bila kuacha. Mwingine apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112 ya polisi. Akizinduka apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa, kwa sababu mapafu yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Nguo nazo zinaua. Jinzi na dera vikilowa hubana mapaja na kuvuta chini. Khanga iliyofungwa kiunoni hufunguka na kuzunguka miguu. Anayetaka stara avae suruali nyepesi ya kubana na fulana ya mikono mirefu ya kitambaa cha michezo. Hainywi maji mengi.

Vinavyochoma: wale weusi wa duara wenye miiba mirefu kama sindano hukaa kwenye mawe na nyasi, hawakufuati, wewe ndiye unayewakanyaga. Mwiba ukivunjikia mguuni usiuchimbe kwa pini. Tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili, nyuzi 45 hivi, jaribu kwanza kwa mkono usioumia, kaa dakika 30 hadi 90. Siki husaidia vipande vya juu kuyeyuka. Samaki taa naye hulala chini ya mchanga. Ukitembea kwenye maji ya goti buruza nyayo, usikanyage kwa kuinua, atasikia na kuondoka. Mwiba wake pia hutulizwa kwa maji ya moto, lakini jeraha la taa ni la hospitali. Konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama ute, akikugusa, usisugue mchanga na usioshe kwa maji yasiyo na chumvi. Suuza kwa maji ya bahari yaleyale, toa nyuzi zake kwa kadi au kijiti. Mkojo, tafadhali, uacheni.

La kuota jua sitalikalia sana, wengi wetu hatulali juani kwa hiari. Ila mnaolala, jueni kwamba mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu ya utosi wa Dar es Salaam, na kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri miale yake haina huruma. Mwavuli hauzuii yote: mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya miale inayounguza, povu la bahari asilimia 25. Losheni ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi hupakwa robo saa hadi nusu saa kabla, na mtu mzima anahitaji kama mililita 30 kwa mwili mzima, zaidi ya wanavyopaka wengi. Rudia kila saa 2 na kila ukitoka majini. Ndugu zetu wenye ualbino kwao hili si urembo. Wasitoke bila kofia pana na mikono mirefu, na nguo iliyolowa ibadilishwe, maana pamba nyepesi ikilowa hupitisha miale zaidi. Kivuli bora ni cha mvinje. Chini ya mnazi, tazama juu kwanza.

Mhariri, kila siku gazeti lako linapata nafasi ya kuchapa bei za fedha za kigeni na ratiba za mpira wa Ulaya. Naomba mstari mmoja tu, pembeni ya utabiri wa hali ya hewa, wenye saa za Kiswahili na siku ya mwezi mwandamo, ili mtu asihitaji kutoa wala kujumlisha. Mfano wa mpangilio wake, kwa siku ya bamvua, ungekuwa hivi:

Mwezi 16. Kupwa saa 4:25 asubuhi, mita 0.4. Kujaa saa 10:35 alasiri, mita 3.6.

Msomaji wako,
Mjimwema, Kigamboni